Rambirambi Zilizotangulia

Shuleni kwetu kulikuwa na karani tuliyemwita Mama Habari. Kwa miaka kumi na tisa ndiye aliyeandaa Karatasi ya Ijumaa, ukurasa mmoja wa habari za wiki za walimu na wafanyakazi: nani yuko zamu, nani kajifungua, nani kahamishwa, kikao cha wazazi ni lini, timu ya netiboli imefungwa mangapi safari hii. Kengele ya chai ikilia saa nne, walimu waliingia chumbani kwao wakiulizana, "Karatasi imetoka?" hata kabla ya kujuliana hali.

Mimi nilikuwa mtunza maktaba, mlango wa pili kutoka kwake, na ndiyo maana nilikuwa wa kwanza kujua macho yake yanaharibika. Alianza kwa kuniletea vikaratasi vya mkuu wa shule.

"Mdogo wangu, hebu nisomee hapa. Huyu mzee anaandika kama kuku aliyekanyaga wino."

Tukacheka. Mwandiko wa mkuu ulikuwa mbaya kweli, hata mwenyewe wakati mwingine ulimshinda. Lakini mwezi uliofuata alileta kikaratasi cha makamu mkuu, mama ambaye herufi zake zilisimama kama zimepigwa chapa. Nikamtazama. Akainamisha kichwa.

"Ni presha ya macho," akasema. "Daktari kasema kilichokwenda ndiyo kimekwenda. Hiki kilichobaki tunakibembeleza kwa dawa ya matone."

"Mkuu umemwambia?"

"Nimwambie nini, dada? Karani asiyeona ni wa kazi gani? Mama yangu mzazi yuko kitandani, hana mwingine ila mimi. Nifichie."

Nikamfichia. Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana nilikwenda ofisini kwake, nikarudishia mlango, nikasoma vikaratasi kimoja baada ya kingine huku yeye anapiga chapa. Vidole vyake havikuhitaji macho. Tuliendelea hivyo karibu mwaka mzima bila mtu kutushtukia.

Kisha ikaja Alhamisi ya wakaguzi. Walinivamia maktaba tangu asubuhi, wanataka kuona kila daftari la kuazimia vitabu. Mara mbili nilimwona Mama Habari amesimama mlangoni, vikaratasi mkononi. Mara ya kwanza nilimpungia mkono asubiri. Mara ya pili nilijifanya sijamwona, maana mkaguzi alikuwa ameninunia na mimi nimeshachoka. Nilipomaliza, ofisi yake ilikuwa imefungwa.

Kwenye moja ya vile vikaratasi mkuu alikuwa ameandika: "Mama wa mwalimu wa jiografia amezidiwa jana. Tumwombee." Mama Habari alikiinua hadi puani, akakigeuza upande wa dirisha, akasoma "amezikwa jana." Akaandika hivyo. Akaiweka habari juu kabisa, akaizungushia mstari mweusi, na kwa huruma yake akaongeza, "Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema."

Ijumaa ile mwalimu wa jiografia alikuwa ametoka hospitali alfajiri, akapitiliza darasani. Aliingia chumba cha walimu wakati wa chai, kabla hajaishika Karatasi. Mwalimu wa kilimo akainuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mwalimu. Na wewe umewezaje kuja kazini?"

Mwalimu wa jiografia alidhani hospitali imepiga simu shuleni. Sijawahi kusikia ukelele kama ule. Alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki pale mlangoni.

Alimkuta mama yake hai. Jumapili mama akafariki kweli.

Jumatatu tulikwenda msibani. Mama Habari alinishika kiwiko njia nzima, akinong'ona maneno ya kuombea radhi. Hakuyasema. Mwalimu wa jiografia alimwona, akasogea, akaongea taratibu bila hata kupandisha sauti.

"Nilifika pale nalia, najua nimechelewa. Mama akafumbua macho akaniuliza, 'Mwanangu, unamlilia nani?' Akanitazama, akaelewa. Tangu saa ile hakutaka tena dawa, hakutaka hata maji. Ulimzika mama yangu anapumua."

Mama Habari alikikaza kiwiko changu. Nami nilikuwa pembeni yake na mdomo wangu, nikanyamaza.

Mkuu alipomwita, alieleza yote kuhusu macho, ila jina langu hakulitaja. Mzee wa watu alisikitika. "Mbona hukusema, mama?" alimwuliza, akaandika barua ya kumstaafisha kwa ugonjwa. Karatasi ikakoma. Siku hizi habari hutumwa kwenye simu, mwalimu anasoma akitembea. Mwalimu wa jiografia aliomba uhamisho, akaondoka bila kuaga.

Huu ni mwaka wa pili. Mama Habari haoni hata mwanga. Hukaa kwenye kiti cha plastiki kati ya vyumba viwili, sikio kwa mama yake anayekohoa ndani. Mwezi uliopita nilikusanya moyo, nikamwambia, "Dada, siku ile nilikuona mlangoni. Mara ya pili nilikuona."

"Najua," akasema. "Nilikuwa bado naona watu."

Nikasubiri aseme neno jingine, hata tusi. Alipapasa ukuta, akaingia kumgeuza mama yake kitandani. Alipotoka aliniambia kuna jua kali, niwahi kwangu, na kwamba hakuna haja ya kujisumbua kuja tena.