Pindo Nene

Fundi cherehani yule huongea huku pini amezibana mdomoni, na bado kila mtu humwelewa. Aliiombea familia ya wakimbizi kanisani, kisha akaidhamini kwa sahihi yake mwenyewe. Walipofika aliwaachia chumba cha mbele, yeye akabanana na cherehani yake nyuma. Siku ya nne mama wa familia alikuwa hajafungua mizigo.

"Dada, tusizoee. Huenda tukafukuzwa tena."

Fundi alichukua futi yake ya kupimia. Alimpima binti yao, akamshonea sare ya shule.

"Mbona pindo nene hivi?" mama akauliza.

"Mtoto anarefuka, mdogo wangu. Nitaliachia kidogo kila mwaka. Mungu hakuniambia mtaondoka lini, nami sikumuuliza."

Mama akapapasa lile pindo, akauliza shule iko wapi.