Kompresa ya Kijani ya Tata Kabeya

Wanaosema mizuka hutembea usiku tu, hao hawajawahi kutafuta kompresa Kolwezi mwaka ule wa kufukuzana. Mimi nilikutana na wangu saa saba mchana, jua likitwanga mabati mpaka mijusi inatembea kwa ncha za vidole, na sikuwa nimeonja hata kifuniko kimoja cha lutuku, ile gongo yetu. Usiponiamini, muulize mke wangu, mama Odile. Tangu tuoane hajakubaliana nami kwa jambo lolote isipokuwa hili.

Nianze na hasira, maana kisa chote kilizaliwa na hasira.

Nilikuwa fundi umeme wa kampuni ya migodi, mwenye diploma ya masomo ya jioni, miaka minne ya kusoma huku jicho moja limelala. Kampuni ilipoanza kuanguka, mshahara ukawa kama mvua ya mwezi wa saba: kila mtu anaijua kwa jina, hakuna anayeiona. Tukaishi kwa kazi ya nyuma ya nyumba, pale mtaa wa Dilala. Nilikuwa napulizia rangi vitanda vya chuma, friji, baiskeli na milango ya magari. Kompresa ndiyo ilikuwa shamba langu. Ikafa. Na wala haikufa kwa heshima! Ilikohoa juma zima, halafu ikapiga kelele moja mpaka kuku wa mtaa mzima wa Manika wakaacha kutaga, pistoni ikashikamana, basi.

Mama Odile akafungua sanduku lake. Akatoa vitenge sita vya wax, bado vina karatasi za dukani, akiba yake tangu harusi. Wakati ule noti zilikuwa za kufungia karanga tu. Kitenge ndicho kilikuwa pesa.

"Papa Odile," akasema, "hibi njo bya mwisho. Ukileta kompresa mubaya, utalala nayo huko inje."

Nikatafuta majuma matatu. Sokoni nilionyeshwa mota ya friji iliyofungwa kwenye chupa ya gesi. Ilijaza hewa kwa muda ambao mwanamke angebeba mimba, akazaa, akamwachisha mtoto ziwa. Nyingine ilitoka mgodini, kubwa kama kanisa, nayo inataka umeme wa nyaya tatu. Kwangu nyaya mbili zenyewe zinafanya kazi kwa zamu! Nikapata moja yenye rangi mpya, inang'aa, moyo ukaruka. Nikagonga tangi kwa ufunguo. Matundu yalikuwa yamezibwa kwa mastiki na kupakwa rangi juu.

"Tata," nikamwambia muuzaji, maana kwetu kila bwana ni tata, "hii ikipasuka itaniua."

"Ikikuua, urudie," akajibu. "Ntakubadirishia."

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipojifanya kipofu. Siku hizo ndugu zetu wenye asili ya Kasai walikuwa wanafukuzwa. Watu ambao babu zao waliletwa kufanya kazi mgodini, waliozaliwa hapa, tuliosoma nao benchi moja, tuliozikiana wazazi. Wakaambiwa: kwenu si hapa. Wakajaa kwenye gare, stesheni ya treni, maelfu, wanalala kando ya reli wakingoja treni isiyofika, na huku nyuma nyumba zao zikaingiwa. Kila mtu mjini alikuwa amenunua kitu "kwa bei nzuri". Nami nikaambiwa kuna nyumba yenye kompresa tatu. Je, nilijua zilikuwa za nani? Nilijua. Nikajisemea: mimi siibi, mimi nanunua.

Mlangoni nilimkuta bwana mmoja mnene, amevaa shati la mwenye nyumba, linambana mpaka vifungo vinaomba msaada.

"Ziko nyuma, tata," akasema. "Chagula mwenyewe. Mi siingiaka mule."

"Juu ya nini?"

"Joto."

Nikaingia. Karakana ilikuwa ndogo, mlango mmoja, bila dirisha. Ndani, mzee mmoja mwenye ovaroli ya buluu alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. Nikadhani ni mfanyakazi wa yule mnene.

"Jambo, tata. Nimekuja kuchagua."

"Unajua kuchagula?"

"Niko na diploma."

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye vumbi kifuani. "Diploma uweke mu mufuko. Usiangalie rangi, rangi ni nguo ya siku ya Mungu. Fungula robine, ile koki ya chini ya tangi, ona maji yake."

Niamini, sijawahi kupata somo zuri kama lile, hata kwa walimu niliowalipa. Kompresa ya kwanza, kubwa, ya buluu, ilitoa maji yenye kutu kidogo. "Itaenda miaka mitano," akasema, "kama unaipa mafuta." Ya pili, nyekundu, ilitoa maji meusi. "Hii inakula mafuta, utaibadirishia ringi, kisha itakutumikia." Kisha nikaona ya tatu, kwenye kona. Ndogo, ya kijani, miguu imeungwa kwa vipande vya reli, vichwa viwili vya pistoni vimesuguliwa mpaka unajiona ndevu. Mzee hakutaka kuifungua. Nikaifungua mwenyewe. Halikutoka hata tone, ni hewa kavu na baridi tu. Nikabonyeza kitufe. Ikaanza kuzunguka kwa sauti ya mama anayesema siri kanisani, na mshale ukapanda mpaka bari nane kabla sijamaliza kupiga chafya.

"Hii," nikasema.

"Hii hapana. Twala zile mbili kwa bei ya moja. Hii uiache, iko na benyewe."

Sasa wewe, msomaji, umeshawahi kununua kitu sokoni? Muuzaji akikuzuia kitu, maana yake nini? Si ndicho kizuri anachomwekea shemeji yake? Ndivyo nilivyofikiri. Nikajiona mwerevu kuliko mji mzima. "Tata," nikamwambia, "mjini humu kila kitu kilikuwa na wenyewe. Wako wapi?"

Mzee akaweka kidole gumba kwenye tundu la kutolea hewa, akalibana. Bari nane! Hewa ile ingemrushia mtu kidole mpaka Likasi, lakini haikulia hata pss. Nikamshika, nikakitoa kidole chake kwa kidole changu gumba, kwa nguvu. Kilikuwa baridi kama chuma kilicholala nje usiku wa Juni. Akaniangalia kama mtu aliyechoka kubishana.

"Basi," akasema. "Weye njo mukubwa."

Nikainama kuchomoa umeme. Nikapapasa ukuta nikitafuta soketi. Ukuta haukuwa na kitu. Waliopora nyumba ile walikuwa wameng'oa hata nyaya za ndani ya saruji. Fishi ya kompresa, ile plagi ya ukutani, ilikuwa miguuni pangu, kwenye vumbi, na buibui amefuma nyumba yake katikati ya meno mawili ya plagi. Na kompresa ilikuwa bado inazunguka.

Kisha ikanyamaza. Nikageuka. Hakukuwa na mtu. Mlango ulikuwa mmoja tu, na kati ya mzee na mlango nilikuwa mimi.

Wewe ungekimbia, sivyo? Mimi nilifanya jambo baya zaidi: nilieleza. Nikajiambia gurudumu lilikuwa na nguvu ya kuzunguka, tangi lilikuwa na hewa ya zamani, mzee amepita ubavuni nikiwa nimeinama. Diploma ina hatari zake. Nikaikokota kompresa ya kijani mpaka mlango wa mbele.

"Fundi wako anajua kazi," nikamwambia yule mnene.

"Fundi gani?" Uso wake ukawa majivu. Akanipokonya vitenge, vyote sita. "Tukisha kuuzisha, tumeuzisha, tata. Kwenda nayo." Akafunga mlango.

Nyumbani ilifanya kazi ajabu. Kitanda cha kwanza, cha katekista wetu, kilitoka laini kama maziwa. Asubuhi yake nikaona alama kwenye ubao wa kichwani. Ninyi wapuliza rangi mnajua, tone la mafuta likiingia kwenye hewa, rangi inaacha vijicho. Hivi havikuwa vijicho. Ilikuwa alama ya kidole gumba, na mistari yake yote, na ndani yake rangi imekataa kushika.

Nikasugua, nikapulizia upya, ikarudi. Nikatoa maji, nikabadili mafuta, nikaweka kichujio, nikaosha pistole ya rangi mpaka ungeinywea chai. Ikarudi! Kwenye friji ya muuguzi ikatokea kila upande. Kwenye mlango wa gari la mfanyabiashara mmoja ilitokea mara kumi na moja.

"Tata," yule muuguzi akaniuliza, "friji yangu uliipaka ao uliipapasa?"

Siku nane za hivyo. Wateja watatu walirudisha vitu, unga ukaisha. Mama Odile akaja, akaweka kidole chake juu ya alama. Hakikutosha. Akachukua changu, akakiweka. Hakikutosha.

"Papa Odile, kompresa hii ni ya nani?"

Nikamweleza yote.

"Bitenge byangu bilienda kwa mwizi," akasema.

"Ndiyo."

"Na ukiirudisha, tunabakia na nini?"

Nilikuwa nimekasirika na yule mnene, na mzee, na kampuni, na zaidi ya wote na mtu mmoja mwenye diploma. Nikapandisha kompresa kwenye mkokoteni, nikaisukuma mpaka gare, nikiulizia watu wa ile nyumba. Wakanionyesha: mama Kabeya, mjane, na wanawe wawili wakubwa wenye ndevu, chini ya turubai kando ya reli.

Aliiona kompresa kabla hajaniona mimi. Hakunisalimu. Aliweka kiganja juu ya tangi kama unavyopima homa ya mtoto.

"Alikuonyesha zote tatu?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Muzee yangu. Mwenye ovaroli."

"Ndiyo, mama."

"Akakukatalia hii."

"Ndiyo."

Akacheka! Akacheka mpaka majirani wakageuka. "Miaka makumi tatu ya ndoa nilimuombaka kompresa hii nipulize nayo vumbi mu matela ya kitanda, na mi akanikatalia!" Kisha kicheko kikakatika. Akanyosha mkono kuelekea nyuma ya reli, kwenye marundo ya udongo mpya. "Tulimuzika pale, juma tatu sasa. Neno yake ya mwisho haikuwa jina yangu. Alisema: musiende bila ile ya kijani, huko batoto bataanzia nayo. Batoto bakarudia ku nyumba mara mbili. Bale beziji ba nyumba bakabatupia mawe."

Majuma matatu. Mimi nilikuwa nimeongea naye siku nane zilizopita.

Nikafungua mdomo niseme habari za vitenge. Nikaufunga.

"Munisamehe, mama."

"Kusamehe ni kesho," akasema. "Leo usaidie batoto kuifunga kamba."

Treni ilikuja baada ya siku mbili. Mabehewa yake yalikuwa ya wazi, watu wamepangwa kama kuni. Nilikuwa mmoja wa wanaume wanne walioinua ile kompresa juu, na mwanawe mkubwa akaikalia njiani kote, nadhani, kwa sababu mpaka wanapotea machoni alikuwa bado ameikumbatia.

Mama Odile hakusema nami siku tatu. Ya nne akaniletea brashi. Nilipaka rangi kwa brashi miaka miwili, na niliyoyasikia kwa wateja sitayaandika. Kidole changu gumba cha kulia, kile nilichomshikia mzee, hakijasikia moto wala baridi tangu mchana ule. Natoa nacho kifuniko cha sufuria inayochemka, na wajukuu wanadhani ni ufundi.

Basi, wewe unayetafuta kompresa ya karakana ya nyumbani: angalia lita, angalia bari, gonga tangi, fungua robine ya chini. Yote hayo ni kweli na nimekufundisha bure. Lakini muulize muuzaji, mwenye mali wa kwanza yuko wapi. Akijibu "alienda", muulize aliendaje. Na mtu yeyote akikuambia, hii uiache, iko na wenyewe, usijifanye mwerevu. Iache.