Kiti cha Nyuma cha Kinga ya Baba

Wenzangu mliokulia mtaa wa Jabe wakati ule wa vita, mliokula ndagala na bugali wa muhogo kwa mwanga wa koroboi huku wakubwa wakisikiliza redio kwa sauti ya chini, ninyi sina haja ya kuwaeleza mengi. Mnajua tulivyocheza. Watoto wa leo wanacheza mpira ndani ya simu, wanatoka jasho la vidole. Sisi tulicheza bariyeri. Tulifunga kamba katikati ya uchochoro, mmoja akawa mwanajeshi, na kila kuku aliyepita akaombwa karangamuntu, yaani kitambulisho. Asiyekuwa nayo alirudishwa alikotoka. Mama zetu wakitukuta walituchapa, na haikuwa kwa kumwonea huruma kuku. Mchezo wetu ulifanana mno na mambo ya barabarani.

Baba yangu aliitwa Chef na mtaa mzima, hata na mama yake mzazi. Alikuwa chef, mkuu wa ofisi ya vifaa katika wizara moja kule Kigobe, yaani viti na meza za serikali zilikuwa juu yake. Kiti kikiletwa kipya, yeye ndiye aliyekijaribu. Aliketi, akafumba macho, akavuta pumzi, kisha akatoa hukumu. Nyumbani pia hakuketi ovyo. Alizunguka sebule kama mtu anayetafuta mahali pa kujenga. Nchi ilikuwa inaungua, wakubwa wanagombania viti usiku na mchana, na Baba akasema shida yao ni moja tu, hakuna hata mmoja wao anayejua kiti kizuri ni kipi.

Kisha majirani wakatufungia mipaka, ikaja embargo. Petroli ikawa inauzwa kwa chupa ya bia, kwa kunong'ona. Basi la wizara lililokuwa likimchukua Baba pale kwenye kona likaegeshwa, kuku wa mlinzi wakaanza kutagia ndani. Wafanyakazi wakawa wanafika saa wanayotaka, na wengine hawafiki. Directeur, mkurugenzi wa wizara, akakasirika, akatangaza kwamba tangu Jumatatu majina yataitwa uani saa moja asubuhi, na asiyeitika apoteze nafasi yake. Tangazo lile lilimlenga nani tulijua. Msaidizi wa Baba, kijana mmoja mwembamba aliyekaa hukohuko Kigobe, alikuwa ameshaanza kukalia kiti cha Baba kila Baba alipochelewa, eti anakipasha joto. Na mshahara ule ndio uliotulisha sisi watoto na bibi yetu. Kutoka nyumbani mapema haikuwezekana, maana kuvrefe, ile amri ya kukaa ndani, ilikuwa haiishi mpaka kukuche, na kwa mwendo wake wa Chef, Baba angefika Kigobe majina yameshaitwa na watu wameshakunywa chai.

Ndipo akaamua kununua kinga, baiskeli kwa Kiswahili cha shuleni. Alinichukua mimi, binti yake mkubwa, tukaenda mtaa wa Asiatique kwa mzee mmoja mwenye duka. Mzee akatutolea moja nyekundu, nyepesi, yenye gia, nzuri ya kumtoa mtu roho. Baba hakuigusa. Akauliza ipi ina keria pana. Ikaletwa nyeusi, ya chuma kitupu, mzee anaisukuma huku anahema. Akasema, karibu Chef, panda, zunguka nayo kidogo. Baba akapanda. Akapanda kwenye keria. Akafumba macho, akavuta pumzi, huku mzee wa watu ameshika usukani kwa mikono miwili ili mteja asianguke. Tulikaa hivyo kitambo, wateja wengine wanatupita na kututazama. Mwishowe Baba akafumbua macho, akasema ni hiyo.

Msicheke. Enzi zile mtu mwenye cheo hakukanyaga pedali. Pedali zilikuwa za wabeba makaa, wabeba ndizi, na wale wa teksi-velo wanaobeba abiria kwa kinga. Mtu mwenye tai alibebwa. Kwa hiyo Baba alichagua kinga kwa upande aliokusudia kuutumia, na mimi niliona ni akili tupu.

Kutoka dukani ikaenda moja kwa moja kwa Fundi Shabani, jirani yetu, mtu mwema aliyekuwa na ugonjwa mmoja, hakujua kukataa. Je, keria inaweza kuwekwa springi? Ndiyo Chef. Na mahali pa kuegemeza mgongo? Ndiyo Chef. Na pa kuwekea mikono? Fundi akameza mate, akasema ndiyo Chef. Baba akaleta ngozi na sponji kutoka kwenye kiti cha waziri fulani aliyekuwa ameondoka nchini bila kuaga, kiti kimebaki kimevunjika mguu. Zikawekwa. Chini ikachomelewa nondo ya kukanyagia viatu, ubavuni ndoano ya mkoba, nyuma bomba la kusimamishia mwavuli. Mbele hakuna kilichoguswa. Tandiko la mwendeshaji lilibaki lilelile la dukani, gumu kama ubao wa kukatia nyama.

Kinga ilipoletwa nyumbani mtaa mzima ulikuja kuikalia. Waliikalia kwa zamu, wakafumba macho nao, wakasema hii ni salo, sebule kabisa, siyo kinga. Mama alikuwa mlangoni pa jiko, mikono imejaa unga. Akauliza nani ataendesha. Baba akajibu, dereva. Dereva yupi? Baba akasema atapatikana.

Hakupatikana. Ninyi mnakumbuka mambo yalivyokuwa, kila mtaa ulikuwa na wenyewe, na mtu wa huku akionekana kule aliulizwa maswali ambayo hayana jibu zuri. Sisi wa Jabe tulikuwa tumechanganyika makabila, lakini njia ya kwenda Kigobe haikuchanganyika. Baba aliwazungukia vijana wa teksi-velo mmoja mmoja. Waliisifu kinga, waliikalia, wakashuka. Mmoja alimwambia kwa heshima zote, "Chef, kule juu mi siendi. Kinga iko nzuri, lakini mi niko na watoto."

Jumapili alasiri Mama aliitoa kinga uani bila kumwambia mtu. Alirudi nayo magharibi, na lile bomba la juu, la kati ya tandiko na usukani, limekatwa, limechomelewa tena chini kabisa. Fundi Shabani, kama kawaida yake, alikuwa amesema ndiyo Mama. Baba alipoona kovu lile kwenye chuma chake karibu alie. Akauliza ni nani amemharibia kinga.

"Ni mi," Mama akasema. "Nipate kupita na kikwembe."

Kumbe Mama amekulia Gatumba, na kabla ya kuolewa alikuwa akipeleka maziwa ya baba yake mjini kwa kinga, makopo mawili huku na mawili huku. Baba alikuwa ameishi naye miaka yote ile na hakujua. Hakuwahi kumuuliza. Wanawake wa mjini hawakuendesha kinga, na bibi yetu aliposikia alijifunika uso, akasema heri njaa. Jumatatu kulipokucha Mama alifunga kilemba, akakaza kikwembe, kitenge chake cha kiunoni, akashika usukani. "Panda, Baba Zaina. Saa inaenda."

Baba alitumaini wangepita kabla watu hawajaamka. Lakini kuvrefe iliisha kwa wote wakati uleule, kwa hiyo Jabe nzima ilikuwa mlangoni. Walipita katikati yetu: Mama mbele, magoti yanapanda na kushuka, Baba nyuma amenyooka, mkoba kwenye ndoano, mwavuli umefunguliwa, gazeti la wiki iliyopita mkononi. Kuna waliocheka mpaka wakakaa chini. Kwenye kile kilima kabla ya Kigobe, Baba alituhadithia baadaye, alimsaidia Mama sana. Tulipouliza alimsaidiaje, akasema aliinama mbele.

Majina yakaitwa, Baba akaitika. Yule msaidizi akahamia kwenye kiti chake kingine.

Njiani asubuhi ileile, kwenye bariyeri ya kwanza, mwanajeshi aliwasimamisha akauliza huyu mwanamke ni nani. Baba akajibu, palepale alipoketi, kwamba ni dereva wake. Mwanajeshi akamgeukia Mama.

"Na huyu ni muzigo wangu," Mama akasema.

Mwanajeshi alicheka mpaka akamwita mwenzake, ikabidi Mama arudie. Tangu siku ile hawakuombwa karangamuntu. Walipungiwa mkono tu, wakapita. Na nyote mnajua kwamba kwenye bariyeri zile kuna watu waliombwa, wakashushwa, na chakula chao cha jioni kikapoa, kikamwagwa. Baba aliamini mpaka mwisho kwamba waliheshimu cheo chake.

Hivyo ndivyo tulivyokula mwaka ule. Asubuhi Mama anampeleka, anarudi na kuni na mboga za lengalenga zimefungwa juu ya ngozi ya waziri, alasiri anaifuta, anakwenda kumchukua. Tandiko lake alilizungushia kipande cha kanga kuukuu. Jioni Baba alilalamika kwamba springi ya kushoto inalia, na Fundi Shabani aliitwa kuitia grisi. Mama hakuwahi kulalamika, na sisi wajinga tukadhani tandiko lake halina neno. Kwenye kile kiti cha nyuma hakukaa hata kwa mchezo. Angekaa saa ngapi?

Mpaka ilipofika ile asubuhi ya malaria. Usiku bunduki zilikuwa zimelia, majirani walikuwa bado wamejifungia. Mama alisimama afunge kilemba, akaanguka. Mwili ulikuwa moto na meno yanagongana, anaongea na ng'ombe wa Gatumba. Baba alisimama katikati ya uwanja na mkoba wake. Dispansari ilikuwa upande wa Buyenzi, wizara upande wa Kigobe, na saa haikumngoja mtu. Mama akapata fahamu kidogo, akamwona anavyotazama lango.

"Kimbia, Baba Zaina. Ukikimbia utafika."

Baba akatundika mkoba kwenye ndoano. Akambeba Mama, akamweka kwenye kiti cha nyuma, akanikabidhi mwavuli, akanambia nimshike asidondoke. Kisha akapanda mbele kwa mara ya kwanza, akaweka mguu kwenye pedali, akasukuma, na sote watatu tukaenda chini pamoja na kinga. Akajaribu tena. Tukaanguka tena, safari hii juu ya kuku. Hapo ndipo nilipojua. Baba alikuwa hajui kuendesha kinga. Hakuwahi kujua. Maneno yote yale ya cheo na tai yalikuwa yanaficha jambo ambalo mtoto wa jirani alilijua akiwa na miaka sita. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, sikufanya hata kimoja kwa sababu Mama alikuwa anateleza mikononi mwangu.

Baba akajipangusa, akakamata usukani, akaisukuma. Kwa miguu. Suruali imepasuka goti, tai imekwenda begani, Chef mzima anasukuma kile chuma chenye kiti cha waziri katikati ya Jabe, na milango ikaanza kufunguka mmoja mmoja. Hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye mashimo alipunguza mwendo. Alipoona jiwe alilizunguka. Wala hakugeuka kutazama upande wa Kigobe. Nilimtazama.

Mama aliegemea, akaweka mikono pale pa kuwekea mikono, miguu kwenye nondo yake. Akafumba macho. Nilidhani amezimia. Kisha akasema, taratibu, kama anajisemea mwenyewe:

"Kumbe huku nyuma ni kuzuri hivi."

Baba alisikia. Nilimwona mabega yakishuka. Aliendelea kusukuma, na maji yaliyokuwa yanamtiririka usoni si yote yalikuwa jasho.

Mama alipona kwa kwinini na kelele za bibi. Uani kule Kigobe jina la Baba liliitwa likakosa mwenyewe, na yule kijana akakipata kiti, kikiwa na joto lake lote. Hakukifaidi. Baada ya muda wizara ilipasuliwa ikawa mbili ili kila upande upate waziri wake, na katika kupasua huko ofisi yake haikuonekana imeangukia wapi. Baba alipelekwa kwenye ghala la viti vibovu huku chini mjini, karibu na kwetu, mshahara nusu, akawa anakwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Kwenye kiti cha nyuma hakuketi tena. Alisema kimelegea. Hakikulegea hata kidogo. Kila Ijumaa jioni alimpandisha Mama akamsukuma mpaka kwa dada yake Buyenzi, yeye amevaa tai, Mama amefungua mwavuli. Kuendesha hakujifunza mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Sasa tuseme kidogo kuhusu hawa watoto wetu. Mwanangu anafanya kazi mjini, na mwaka huu ameamua kwenda kazini kwa kinga, kwa ajili ya afya. Sisi tulipanda kinga kwa ajili ya kubaki hai, yeye kwa ajili ya tumbo. Sawa, tumbo nalo ni tatizo. Alitazama video mwezi mzima. Akapimwa urefu wa mguu, akapimwa mkono, nadhani na masikio. Akataka ya chuma, eti chuma kina roho, si kama hizi nyepesi za kisasa. Tandiko la ngozi limeagizwa mbali, usukani umepindwa kufuata mabega yake, taa, kofia ngumu, na kikaptula cha kubana ambacho bibi yangu angekiona angejifunika uso mara mbili. Jumapili moja aliipakia kinga yake juu ya gari, akaileta Jabe bibi yake aione. Naam, juu ya gari.

Mama sasa ni mzee, magoti yamekataa. Alikuwa uani anachambua maharagwe, amekalia kile kiti cha nyuma, maana ngozi ya waziri bado ipo, imewekwa juu ya kibao. Aliinuka akaizunguka kinga. Akaminya tairi. Akainyanyua kwa mkono mmoja, akasema ni nyepesi, ni nzuri, mashallah. Akabonyeza tandiko kwa kidole, akalibonyeza tena, akatikisa kichwa kwa kustaajabu kwamba mwendeshaji amefikiriwa. Kisha akaenda nyuma, akasimama, akapapasa hewa pale juu ya gurudumu.

"Mutu wa nyuma anakaa wapi?"

Mwanangu akacheka. Akamweleza kwa upole kwamba hizi za sasa haziwekwi kiti cha nyuma, bibi, hii ni ya mtu mmoja.

Mama alimtazama mjukuu wake na kofia yake ngumu, akamshika mkono.

"Pole, mwanangu," akasema.