Jibu Lisilo na «Normalement»

Hapa Kolwezi tuna neno moja la Kifaransa ambalo tumelifuga mpaka limekuwa letu: normalement. Wenye lugha yao wakilisema, wanamaanisha kwamba jambo huenda hivyo siku zote. Sisi tukilisema, tunamaanisha kwamba jambo lingepaswa kwenda hivyo, na anayesikia ajipange. Ukiuliza basi la Fungurume linaondoka saa ngapi, ukaambiwa «normalement saa mbili», tafuta mahali ukae. Ukiuliza kama umeme utarudi jioni, ukaambiwa «normalement», nunua makaa. Hakuna aliyekudanganya na hakuna aliyekuambia kweli. Mimi mwenyewe nimelitumia sokoni miaka mingi, kwa wateja wangu wa unga na maharagwe, na sikuwahi kuona aibu.

Lilianza kunichefua mwaka binti yangu wa mwisho alipoingia darasa la sita la msingi.

Shule yake ni ya serikali. Nyuma yake kuna kilima cha udongo uliotolewa mgodini, na nyuma ya kilima kuna shimo lenyewe. Mchana wanalipua. Vyombo hulia kidogo kabatini, watoto wachanga hushtuka, sisi wengine hatuinui hata kichwa. Babu yangu aliletwa kutoka Kasai aje kuchimba. Sisi wajukuu tumezaliwa ndani ya kelele hiyo, na ni vigumu kugombana na kitu kilichokulea.

Siku moja mtoto alirudi na vumbi jeupe kwenye nywele. Nikamuuliza alikuwa anacheza wapi. Akasema hakucheza, alikuwa amekaa tu kwenye benchi lake chini ya ramani.

«Ramani gani?»

«Ile balitundika ku kibambazi, fasi kunapasuka. Kama banapiga dinamiti, inatikisika yeye moja.»

Kesho yake nilikwenda kuona huo ukuta. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Shule yetu ilikuwa imeuziba, kwa ramani ya nchi nzima, kutoka bahari mpaka maziwa. Niliinua pembe ya karatasi nikaingiza mkono. Vidole vilizama vyote, na kule ndani kabisa niliona mwanga wa uwanjani. Niliogopa. Sioni sababu ya kulipamba neno hilo.

Basi tukaenda kwa direkta wa shule, mimi na prezida wa komite ya wazazi. Prezida ni fundi umeme mstaafu, mtu mpole anayevaa tai hata akienda kuchota maji. Direkta alitupokea vizuri. Alitupa viti vyote viwili vya ofisi, yeye akasimama.

«Tata Direkta,» nikasema, «tunakuya na swali moja tu. Kile kibambazi kinaweza kuangukia batoto, ao hapana?»

«Bazazi, mutulize roho. Normalement hakuna shida. Tulisha kutuma rapport kule juu.»

Swali lilikuwa la ukuta, jibu likawa la ripoti. Prezida alishukuru. Alipofika mlangoni akashukuru tena. Njiani nilimuuliza alikuwa anashukuru nini hasa.

«Mama, mutu hakukufukuza, unamushukuru.»

Huko juu tulikwenda pia. Ni ofisi ya elimu pale mjini, yenye benchi moja ukumbini, na benchi hilo limelainika kwa makalio ya wazazi. Tulikaa mpaka wenye ofisi wakaenda kula na kurudi. Mkubwa wao alikuwa na shati lililopigwa pasi vizuri sana na maneno yaliyopigwa pasi vilevile. Alituita wenzake katika kazi ya elimu. Alisema mtoto ni taifa. Nilipouliza kama darasa lifungwe au lisifungwe, akasema, «Normalement équipe technique inapashwa kufika mbele ya mvua.»

Mvua ndiyo iliyofika mbele. Ile timu ya mafundi ilikuja baadaye, na ilikuwa kijana mmoja mwenye kofia ya mgodini. Alisimama mlangoni mwa darasa akapiga picha kwa simu. Nilikuwapo, niliona: alipiga picha ya ramani. Nikamuuliza kama ukuta ni salama.

«Mama, mi niko wa picha tu,» akasema, bila ubaya wowote.

Uchovu wa kubeba magunia naujua, ukilala unakwisha. Huu ulikuwa mwingine. Nilikuwa naamka nao. Kila nilipomsuka binti yangu nywele niliona kile kichwa kidogo, nikakumbuka mahali kinapokaa asubuhi nzima, halafu namaliza kusuka na namtuma aende. Prezida aliacha kunipigia simu. Wazazi wengine walisema nina kichwa kigumu, kwamba ofisi zimeshaambiwa, sasa nataka nini tena. Nilitaka ndiyo au hapana. Hata hapana ningeipokea.

Kisha kipande cha ukuta kikaanguka wakati wa mapumziko, juu ya benchi tupu. Mwalimu akawabana watoto wote upande wa pili wa chumba. Binti yangu alirudi amefurahi, kwa sababu sasa anakaa karibu na rafiki yake. Siku hiyo nilifunika unga wangu nikaenda shuleni peke yangu, na nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya mtu mwenye cheo.

Direkta alikuwa ofisini, anakula karanga juu ya gazeti. Sikukaa.

«Tata, sikukuya na komite. Niko mi moja. Siombi équipe, siombi rapport. Unijibu tu, na ile neno normalement uitoshe mu kinywa. Kibambazi kitaanguka, ao hakitaanguka?»

Alivua miwani. Nilidhani atanifukuza, na ningefurahi kufukuzwa, maana hilo nalo lingekuwa jibu.

«Kitaanguka, mama,» akasema. «Leo, kesho, siyui. Lakini kitaanguka. Mi mwenyewe nikipita pale, ninapita mbio.»

«Na kule juu, ulibaambia vile?»

«Nilibaambia. Banasema nikifunga darasa bila ruhusa, batatia mwingine mu fasi yangu. Na ule mwingine atafungua.» Akaanza kukusanya maganda ya karanga. «Mi sikukuambia kitu, mama. Lakini kama uko na fasi ingine, umutoshe mutoto hapa, umupeleke kule.»

Sikuwa na mahali pengine. Shule ya masista iko ng'ambo ya mji na imejaa, zile za binafsi si za muuza unga, na mwisho wa mwaka ulikuwa unakuja na mtihani wake wa kumaliza msingi. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Miezi yote ile nilidhani kwamba siku nikipata jibu lililonyooka nitalibeba nikalitue kichwani kwa mtu fulani. Sasa nilikuwa nalo na hapakuwa na wa kumtwika, nikaona kwamba zile normalement zao zilikuwa zimenifaa mimi pia. Nilikuwa namtuma mtoto kila siku huku nina wa kumlaumu. Direkta alikuwa ameniondolea hata hilo, na nilimchukia kwa kunijibu kuliko nilivyomchukia kwa kutonijibu.

Asubuhi binti yangu alikuwa amevaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, anasubiri chai.

«Leo hauende ku masomo,» nikamwambia.

«Juu ya nini? Mi sigonjwi.»

Nilikuwa na uwongo kadhaa tayari. Nilikuwa nimechoka mno kuchagua mmoja.

«Kibambazi kitaanguka. Direkta mwenyewe njo amesema.»

Hakulia. Alikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni akaanza kufungua kamba za viatu, polepole, akidhani labda nitabadili maneno. Nje wenzake walikuwa wamefika wakimwita, kama kila siku. Aliangalia mlango, akaniangalia mimi, kiatu kimoja mkononi.

«Mama, na bale benzangu, bo banayua?»

Usiku kucha nilikuwa nimewaza mtoto mmoja tu. Nilijifunga kitambaa kichwani, nikafungua mlango, na wale niliowakuta wamesimama barabarani na mifuko mgongoni nikawaambia warudi nyumbani, wakaniitie mama zao.