Upanga Usioingia Chini ya Kitanda

Harufu ya ubao wa mkaratusi uliotoka kurandwa hunirudisha utotoni, mjini Bunia, chini ya kitanda cha nyanya yangu, niliyemwita koko. Risasi zililia mtaa wa pili. Tulibanana pale mimi na yeye, nami nimekumbatia upanga wangu wa ubao, mrefu kunishinda, niliouchonga kumwiga shujaa wa kitabu cha picha. Ncha yake ilichomoza karibu na mlango.

“Vuta muguu yako, watatuona!” alininong'oneza.

“Haiko muguu, koko. Ni upanga.”

“Na huyo shujaa yako, eye anajifichaka wapi?”

“Hajifichi. Anapigana na mazimwi.”

“Ndiyo maana upanga yake iko mukubwa vile. Hana kitanda. Weye uko nayo. Achilia!”

Nikausukuma ukutani, ukawa ubao tu. Kile kitanda kilichotuficha, mpaka leo, sijakiachilia.