Mungu wa Papai

Utotoni, Evodia aliamini kabisa kwamba Adamu na Hawa walimla Mungu. Msimcheke! Kwa Kinyaturu Matunda ni Muumba, na mwalimu wa Jumapili pale Mgori aliposema kwa Kiswahili chake cha shule kwamba wale wawili walikula matunda, mtoto angeelewa nini? Ukubwani alikuja kujua, lakini maneno yale mawili hayakuachana kichwani mwake. Mpaka leo akimenya papai lililoiva, mkono unakwenda polepole kwa heshima.

Sasa ni mjane na mzee wa kanisa katika kitongoji kimoja karibu na Ilongero. Tangu mumewe, baba Festo, afariki, shamba lake la alizeti na uwele hulimwa kwa maksai wa shemeji yake, Sostenes. Mwaka huu wa uchaguzi wa serikali za mitaa, Sostenes akagombea uenyekiti wa kitongoji. Mpinzani wake? Stumai, Mwislamu, jirani ya Evodia ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi.

"Shemeji," Sostenes alimwambia, "Jumapili ya kubariki mbegu sala ni yako. Waambie tu, kiongozi tumpime kwa matunda. Wataelewa. Mwanamke wa msikitini ana matunda gani?" Kisha akatabasamu. "Maksai wamenona. Mvua ikidondoka tu, tunaanzia kwako."

Evodia akaelewa: asiposema, maksai hawaji. Na alikusudia kusema, nisimtetee. Njaa anaijua.

Jumapili ikafika na joto lake. Mabati yalikuwa yakialika, mbegu zimejaa kwenye nyungo mbele ya madhabahu, na vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha bila haraka ya kutua. Evodia akasimama, akafumba macho, akaanza, "Kiongozi tumpime kwa Matunda..."

Jamani, neno likamponyoka likaenda kwao, kwenye Kinyaturu. Kanisa likawa mbali. Akamwona Matunda kama alivyomwona utotoni, amekaa chini kwenye kivuli cha nyumba, udongo hadi viwikoni, anafinyanga watu taratibu, hana wasiwasi na mtu. Mmoja alikuwa Sostenes. Mwingine alikuwa Stumai, bado mbichi, tayari anacheka. Evodia alijisikia furaha kubwa hata machozi yakamtoka.

"Matunda," akasema, sasa kwa Kinyaturu, "uliyemfinyanga wa kanisani na wa msikitini kwa udongo uleule, tukienda kupiga kura tusikutukane. Amina."

Wazee wakaitika amina nzito. Mchungaji, kijana wa watu kutoka mkoa mwingine, alidaka lile neno moja tu, akaongeza sala fupi ya kubariki maembe na mapapai. Sostenes hakuitika. Yeye Kinyaturu anakijua.

Mvua ilinyesha wiki ileile. Asubuhi Evodia akasikia mijeledi, akatoka mbio na khanga mkononi. Maksai wakapita mbele ya mlango wake, pembe zinang'aa kwa maji, wakaenda kulima kwa watu wengine. Sostenes hakugeuza shingo. Iliuma. Evodia alikaa kizingitini akalia kama mtoto, kisha akachukua jembe la mkono.

Alikuwa amefungua kipande kidogo tu Stumai alipopita, matope hadi magotini, anatoka kuomba kura nyumba kwa nyumba.

"Mama Festo! Jembe la mkono mwaka huu? Shemeji yako kakususa?"

"Kanisusa."

"He! Umemfanya nini?"

Evodia akaegemea mpini, mgongo unawaka moto.

"Nimesali."

Stumai akacheka mpaka akashika ua wa miiba bila kujua. "Wewe mwanamke una vituko!" akasema, huku akinyonya kidole, akaenda zake kuomba kura nyumba inayofuata.