Daftari la Baba na Kengele ya Moshi

Baba yangu alifundisha madrasa Kasubi miaka mingi, na alipostaafu na kuhamia kwetu Naguru hakuacha ualimu. Alibadilisha wanafunzi tu. Tukawa wawili, mimi na mume wangu, watu wazima wenye kazi na mvi za hapa na pale. Watoto wetu wako shule za bweni.

Kengele za moshi zilikuwa wazo langu. Chumba kimoja cha jirani kiliungua kwa sababu ya chaja ya simu, nami sikupata raha mpaka niliposhuka mjini nikarudi na vidude viwili vyeupe, vya duara, kama visosi. Baba alivigeuzageuza mkononi.

"Vinafanya nini?"

"Vinanusa moshi, Baba. Vikishanusa vinapiga kelele."

"Kwa hiyo umetuletea wambea wawili nyumbani."

Fundi tuliyemwita alikuwa Mganda mchangamfu mwenye Kiswahili cha kujitegemea. Alipanda ngazi, akataka kufunga kengele ya kwanza juu ya dirisha la sebule. Nikamuuliza kwa nini pale.

"Madamu, moshi inatokea hapa. Ikipita, kengele inaiona."

"Mimi nataka iuone mapema, si moshi ukiwa unatuaga!"

Baba alikuwa amekwisha kuvaa miwani na kusoma kikaratasi cha maelekezo neno kwa neno. Akatoa hukumu: moja katikati ya dari ya korido, karibu na vyumba vya kulala, nyingine sebuleni, mbali na dirisha na mbali na jiko. Fundi akahamisha ngazi bila kubisha. Alipokuwa anaondoka alimwita Baba "Mwalimu", na hakuna aliyekuwa amemwambia.

Vita vilianza Alhamisi. Kila Alhamisi jioni Baba hufukiza udi, na hafukizi kidogo. Kengele zote mbili zililia pamoja. Mume wangu akaja mbio na kiti, akapanda kuzinyamazisha. Baba alibaki amesimama katikati ya moshi wake, chetezo mkononi, akiitazama dari kama anayemtazama mwanafunzi aliyecheka wakati wa dua. Alhamisi iliyofuata nyumba ilinukia udi kila pembe, lakini kimya. Nilipoinua macho nikaona kengele ya korido imevalishwa kofia yangu ya plastiki ya kuogea, na ya sebuleni imefungwa mfuko.

"Zinapumzika," Baba akasema.

Nikamweleza kwamba kengele iliyofunikwa ni pambo tu. Tukabishana hadi chai ikapoa, kisha tukapatana: udi ufukizwe barazani, kofia irudi bafuni.

Nadhani kilichomgeuza Baba ni kile kitufe cha katikati. Kikaratasi kilisema kibonyezwe kila mwezi ili kujua kama kengele ni nzima, na Baba hajawahi kukaidi kilichoandikwa. Jumamosi ya kwanza ya mwezi akakibonyeza kwa ncha ya ufagio. Kelele zilipokwisha akatugeukia.

"Haya, imelia. Ninyi mbona mmekaa?"

Kuanzia siku hiyo tukawa na zoezi. Kengele ikilia, kila mtu aache alichoshika, apite mlango ulio karibu, tukutane getini. Baba hutangulia na daftari la mistari, la aina ile aliyokuwa akitumia kuita majina madrasani. Mume wangu aliandikiwa "amehudhuria" kila mwezi. Mimi niliandikiwa "amechelewa" miezi minne mfululizo, na mara moja akaongeza maelezo: "alirudi kuchukua pochi." Baada ya kuita majina, mume wangu, kwa kuwa ni mrefu, alipewa brashi laini apanguse vumbi kwenye matundu ya kengele. Baba alisema vumbi huifanya itoe ushahidi wa uongo.

Halafu ikaja Ijumaa moja asubuhi. Nilikuwa likizo, nikajitolea kumpigia Baba pasi kanzu yake ya msikitini. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Nikaiacha pasi palepale, imelala juu ya kanzu, nikaenda kuoga. Hata swichi sikuigusa.

Nikiwa nimejaa sabuni, kengele zikalia. Nilijiambia ni Baba na majaribio yake, nikaendelea kujisugua. Mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Toka! Hili si zoezi!"

"Baba, nina sabuni mwili mzima!"

"Sabuni haiui! Toka!"

Sauti ile sikuwa nimewahi kuisikia kwake. Nikajifunga khanga, nikatoka nikiteleza. Korido ilikuwa na ukungu wa kijivu na harufu kali ya nguo inayoungua. Umeme ulikuwa umerudi. Mume wangu, aliyekuwa anafunga tai ili aende kazini, alizima swichi kuu, akaitoa pasi na kumwagia kanzu ndoo ya maji. Baba alinishika mkono mpaka getini. Hakuwa na daftari. Alinihesabu mimi, akamsubiri mume wangu atokee, akamhesabu yeye, kisha akaanza tena upya, ingawa tulikuwa watatu tu na sote tulisimama mbele yake. Mkono wangu bado aliushika, nami sikuthubutu kuuvuta, japo povu lilikuwa linaniingia machoni na majirani walianza kuchungulia.

Hasara ilikuwa meza ya kupigia pasi na kanzu moja, iliyobaki na tundu lenye umbo kamili la pasi. Nililia kuliko ilivyostahili. Baba aliinua kanzu ile, akanitazama kupitia kwenye tundu.

"Umeipiga vizuri," akasema. "Hapa hamna hata kunjo moja."

Kanzu zake nyingine zilikuwa zimelowekwa, basi akaazima ya mume wangu. Aliondoka kwenda swala ya Ijumaa ameikusanya pindo kwa mikono miwili kama bibi harusi.

Aliporudi nilikuwa nafuta masizi ukutani.

"Msikitini wameniuliza kama nimepungua," akasema.

"Ukawajibu nini, Baba?"

"Nimewaambia kwa binti yangu ndivyo tunavyovaa."

Akaketi kwenye kiti kilicho karibu nami, akaomba kitambaa, akaanza kufuta sehemu ya chini ambako sikuwa nimefika.